Asishangae kwa Niaba Yetu: Maoni ya Msikilizaji Kuhusu Usomaji wa Bunilizi za Kisayansi

Utangulizi

Makala haya yametokana na siku kumi tulizokaa Kyarumba, wilayani Kasese, tulipokwenda kuwakagua wanafunzi wetu wa mazoezi ya kufundisha. Kyarumba ni mji mdogo chini ya milima ya Rwenzori, kando ya mto Nyamugasani, na sifa yake kubwa ni kahawa. Ukishuka hadi Bwera na kuendelea hadi Mpondwe unafika mpakani mwa Kongo, na katika soko la huko Kiswahili ni lugha ya bei, ya mizigo na ya utani. Ukirudi shuleni, lugha hiyo hiyo inageuka kuwa somo, na vitabu vya somo ni vichache kuliko wanafunzi wanaovihitaji. Ndiyo maana suala la vitabu vya sauti linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko linavyoweza kuonekana. Mahali ambapo nakala moja inagombewa na madawati sita, simu moja yenye kadi ya kumbukumbu inaweza kulisomea darasa zima.

Jioni za Kyarumba ni ndefu. Tulikuwa tumebeba katika simu kitabu cha sauti cha Kiingereza, Project Hail Mary cha Andy Weir, kinachosomwa na Ray Porter, nacho kilitutosha kwa karibu juma zima. Katikati ya juma wanafunzi wetu walitupeleka katika kibanda cha video. Jumamosi tuliandaa kikao cha kusoma kwa sauti sehemu za Walenisi ya Katama Mkangi mbele ya wanafunzi wa sekondari na majirani. Hivyo kwa muda mfupi tulisikia bunilizi za kisayansi zikitolewa kwa sauti kwa njia tatu tofauti, na tukapata fursa ya kulinganisha.

Hoja yetu ni moja. Msomaji wa sauti huiharibu bunilizi ya kisayansi pale anaposhangaa kwa niaba ya msikilizaji. Tutaitetea hoja hiyo, kisha tutaeleza jinsi ilivyotugeukia wenyewe siku ya Jumamosi.

Mwalimu na mgeni wake

Project Hail Mary kilichapishwa mwaka 2021, na mwaka 2022 usomaji wa Porter ulipata Tuzo ya Audie ya kitabu bora cha sauti cha mwaka. Ni kazi ya zaidi ya saa kumi na sita. Mhusika mkuu, Ryland Grace, anazinduka ndani ya chombo cha angani akiwa hakumbuki jina lake. Wenzake wawili wamekufa. Polepole anakumbuka kwamba jua letu linafifia kwa sababu ya viumbe vidogo mno vinavyokula nguvu zake, na kwamba yeye ametumwa kwenye nyota ya mbali kutafuta dawa. Kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu wa sayansi shuleni. Huko mbali anakutana na kiumbe kutoka mfumo mwingine wa nyota, mwenye umbo linalokaribia la buibui, naye anampa jina la Rocky.

Kwa mwalimu wa lugha, sehemu tamu ya kitabu inaanzia hapo. Viumbe hawa wawili hawana lugha ya pamoja, hawawezi kuvuta hewa moja, na Rocky hana macho. Wanaanza kwa vitu, kwa namba, kwa vipimo vya muda. Kila neno likipatikana linaandikwa. Hili ni somo la lugha ya kigeni kwa mbinu ya moja kwa moja, bila kamusi na bila mkalimani, na tungependa kila mwanafunzi wetu wa ualimu alisikilize kabla hajaingia darasani na orodha ya msamiati ya kukaririsha.

Rocky hazungumzi kwa maneno, bali kwa milio ya muziki. Katika kitabu cha karatasi jicho linaona alama za noti tu. Katika kitabu cha sauti sikio linapata milio yenyewe, nayo inaambatana na sauti ya Porter anayetupa maana. Hapa kitabu cha sauti kimekishinda kitabu cha karatasi, jambo ambalo hatulisemi kwa urahisi sisi tuliolelewa na karatasi.

Sifa kubwa ya Porter, kwa maoni yetu, ni kwamba haoni ajabu. Grace anapozinduka na kuulizwa na mashine jumla ya mbili na mbili, Porter anasoma kama mtu aliyechoka anayetaka kuachwa alale. Rocky anapotokea kwa mara ya kwanza, sauti haipandi kwenda kutuambia kwamba sasa ni wakati wa kuogopa. Inatulia, kama sauti ya mtu anayeangalia kitu kwa makini. Hofu inabaki kazi yetu. Usiku ule tulizima simu, tukasikia mto, na kwa dakika chache hatukuwa na hakika sana kwamba tuko Kasese.

Hata hivyo Porter ana kasoro, na ni vema tuitaje. Anapowasoma wanadamu wa mataifa mengine, anawavisha lafudhi. Mrusi anakuwa Mrusi wa filamu, na mwanamke anayeongoza mradi mzima anapewa lafudhi ya Kizungu isiyo Kiingereza inayotufanya tumsikie kwanza kama mgeni, kisha kama kiongozi. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: kiumbe wa nyota nyingine anakuwa karibu nasi kuliko binadamu wa nchi jirani. Rocky amesomwa kwa heshima. Binadamu wamesomwa kwa kuigizwa. Tuliandika jambo hilo pembeni ya daftari bila kujua kwamba tungelihitaji tena.

Rocky angesema Kiswahili vipi?

Tulijiuliza sehemu hizi zingesomwaje kwa Kiswahili. Katika Kiingereza cha Weir, Rocky anapouliza huongeza neno la kuonyesha swali mwishoni mwa sentensi. Sisi tuna 'je'. Kwa kawaida 'je' huanza sentensi, kama katika 'Je, umelala?', au hufungwa kwenye kitenzi, kama katika 'umelalaje?', ambapo maana inabadilika na kuwa ya namna. Tukiisogeza mwishoni peke yake, 'Wewe lala, je?', tunapata Kiswahili ambacho hakuna Mswahili anayekisema lakini kila Mswahili anakielewa. Ndicho hasa kiumbe huyu anachohitaji. Sarufi yetu ilikuwa na mlango huo tayari, tulikuwa hatujaufungua.

Msomaji wa sauti naye angekuwa na kazi yake hapo. Asiipandishe 'je' hiyo kama mtu anayeuliza kwa mshangao. Aiweke bapa, kama jiwe juu ya meza, mpaka msikilizaji aizoee. Baada ya sura mbili msikilizaji ataisubiri, na baada ya sura tano atacheka inapokosekana. Hivyo ndivyo sikio linavyofundishwa lugha mpya, na linafundika tu kama msomaji ana subira.

Tunalisema hili kwa sababu wapo wenzetu wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa bunilizi za kisayansi. Maneno tunayo: sayari, mzingo, chombo cha angani, mvutano, kiumbe. Tatizo tulilolisikia kwa masikio yetu ni kwamba wasomaji wengi wanapofika kwenye istilahi hupunguza mwendo na kuitamka kama wanaisoma ubaoni. Neno linakuwa limevaa suti katikati ya watu waliovaa kanga. Rubani wa chombo cha angani hasemi 'mzingo' kwa taadhima. Analisema kama dereva wa matatu anavyosema 'klachi'.

Kibandani

Watu wa Afrika Mashariki wamesikia bunilizi za kisayansi zikisimuliwa kwa sauti kwa miaka mingi, ila si katika vitabu. Nchini Uganda wasimulizi wa filamu, wanaojulikana kama ma-VJ, wamezileta filamu za kigeni katika Kiganda, na VJ Jingo ni miongoni mwa majina yanayotajwa sana. Tanzania ilikuwa na Lufufu aliyezisimulia kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kina vionjo vya mtaani. Hawa ni wasanii kamili, na idara zetu za fasihi simulizi zimechelewa kuwatambua.

Katika kibanda tulichoingia, filamu ilikuwa ya maroboti na msimulizi alikuwa wa Kiganda. Alitueleza nani mbaya, akawapa wahusika majina ya mtaani, akaomboleza kabla ya kifo na kushangilia kabla ya ushindi. Watu walicheka sana, nasi tulicheka. Kila roboti lilipobadilika umbo, msimulizi alipiga yowe kabla yetu.

Hapo hilo halikuharibu kitu, kwa sababu picha ipo. Roboti linaonekana ukutani na msimulizi amekaa kando yetu kama mtazamaji mwenzetu aliyewahi kuiona filamu. Anaposhangaa, anashangaa pamoja nasi. Katika kitabu cha sauti hakuna ukuta wa kuangalia. Sauti ndiyo picha. Msomaji akishangaa, tunachokiona ni msomaji anayeshangaa, na roboti halionekani tena.

Mfano wa kinyume chake ni wa zamani. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles, kijana wa miaka 23, alirusha katika redio ya CBS ya Marekani mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi kutoka sayari ya Mars. Sehemu kubwa ya mchezo ilitolewa kwa mtindo wa taarifa za habari zinazokatiza muziki. Magazeti yalitangaza kwamba nchi nzima ilishikwa na hofu. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa magazeti yalitia chumvi. Lakini hata tukiitoa chumvi yote, wapo walioamini. Waliamini kwa sababu mtangazaji alisikika kama mtu wa kazi yake siku ya kazi, ambaye jambo limemkuta.

Walenisi masikioni

Riwaya ya Walenisi ilitoka mwaka 1995. Mwandishi wake, Katama Mkangi, alikuwa mwanasosholojia wa Kenya, aliwahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, na alifariki mwaka 2004. Wengi wetu huifundisha kama riwaya ya siasa, nayo ni ya siasa kweli. Lakini tunasahau inavyoanza safari yake: Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo na kurushwa, na badala ya kufa anafika nchi nyingine kabisa yenye utaratibu mwingine wa maisha. Msomaji wa bunilizi za kisayansi popote duniani angeitambua njia hiyo mara moja.

Jina lenyewe ni la masikio. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitamka 'Walenisi' kwa mkazo huo, juu ya 'ni', unapata jina la nchi, sawa na nchi nyingine yoyote ngeni. Ukilipunguza mwendo na kulikata, linakuwa karibu na sentensi: wale ni sisi. Jicho linaweza kulipita neno hili kurasa nyingi bila kuliona. Msomaji wa sauti analazimika kuamua. Akilikata tangu mwanzo, ameitoboa siri ya kitabu. Asipolikata kamwe, ameizika. Tunaonelea alitamke kama jina la nchi kwa muda mrefu, mpaka msikilizaji mmoja alitambue mwenyewe na kumgusa jirani yake.

Jumamosi hiyo tulikuwa na wasomaji wawili. Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, naye aliisoma kama VJ. Chombo kiliponguruma, naye alinguruma. Dzombo alipoogopa, yeye alitetemeka. Wasikilizaji walifurahi kwa dakika tano. Kisha walianza kuzungumza wao kwa wao, maana kila kitu walikuwa wamefanyiwa.

Wa pili alikuwa mwanafunzi wa kike kutoka eneo la kati, ambaye Kiganda ndicho lugha yake ya kwanza. Alisoma taratibu, bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya nyumbani. Watu walinyamaza. Watoto waliokuwa mlangoni waliingia ndani wakakaa chini. Mzee mmoja aliyejifunza Kiswahili akiwa kibarua katika migodi ya Kilembe alisogeza kiti chake mbele.

Sasa, katika Kiganda, 'r' huja baada ya 'e' na 'i', na kwingineko huwa 'l'. Si uzembe, ni kanuni ya lugha hiyo. Kwa hiyo msomaji wetu alipofika kwenye neno 'safari' alilitamka 'safali'. Alilitamka hivyo mara tatu. Mara ya nne sisi, tuliokuja na daftari la ukaguzi, tulimkatiza. "Safari," tulisema. Alirudia neno, akalikosea tena kwa wasiwasi, tukamsahihisha tena. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imebadilika. Sasa alikuwa anasoma silabi.

Mzee wa Kilembe alitugeukia. "Mwalimu," alisema, "mngemwacha. Tulikuwa tumekaribia kufika."

Hatukuwa na jibu, na bado hatuna lililo zuri. Kwa juma zima tulikuwa tumeandika kwamba msomaji asiingie kati ya msikilizaji na hadithi, kisha tukaingia sisi. Tulimlaumu Porter kwa kumfanya Mrusi asikike kwanza kama mgeni, kisha tukamfanya mwanafunzi wetu asikike, mbele ya wageni thelathini, kama Mganda kabla ya kusikika kama msomaji. Baadaye tulimwomba radhi. Alituambia kwa upole kwamba alikuwa hajawahi kusema Kiswahili robo saa nzima bila kusahihishwa. "Na leo pia sikumaliza, Mwalimu," aliongeza.

Wasomaji wa nje ya Uganda pengine hawataona uzito wa maneno hayo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu Kiswahili kiliingia nyumbani kikiwa kimebeba bunduki, na wazazi wengi walikikataa kwa sababu hiyo. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri hizo ni njema. Lakini amri haimpi mtu sauti. Msichana wa eneo la kati anayemsomea mzee wa Kikonzo hadithi ya angani, kwa Kiswahili, bila mmoja wao kuogopa, amefanya jambo ambalo hakuna waraka unaoweza kulifanya.

Je, matamshi hayana maana?

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kila mtu asome atakavyo. 'Kura' ikisomwa 'kula', wananchi wa nchi mpya watakula badala ya kuchagua, na katika riwaya ya siasa hilo ni kosa la maana. 'Fahari' na 'fahali' si kitu kimoja. Mwalimu asiyejali tofauti hizo ameacha kazi yake.

Suala ni wakati na mahali. Kusahihisha kuna nafasi yake kabla ya kusoma: msomaji apewe sura mapema, aisome na mwalimu, maneno yanayoweza kubadili maana yapigiwe mstari, mengine yaachwe. 'Safali' haikumpoteza msikilizaji yeyote Kyarumba. Kila mtu alikuwa safarini. Tulichokilinda tulipomkatiza hakikuwa maana. Tulilinda cheo chetu.

Aidha, tulikuwa tumepanga kwamba idara ikianza kutengeneza maktaba yake ya sauti, sehemu zote zisomwe na mtu mmoja wa pwani mwenye matamshi ya Unguja. Mpango huo ulikuwa wetu, tuliutetea kikaoni, na sasa tunauondoa. Wanafunzi wanahitaji kusikia matamshi ya Unguja, na sehemu nyingine zisomwe hivyo. Lakini wakisikia hayo peke yake watajifunza kwamba hadithi za Kiswahili husomwa na watu wengine, na kazi yao ni kusikiliza na kukosea.

Tamati

Mapendekezo yetu kwa idara ni machache. Ruhusa ya wachapishaji iombwe kwanza. Kitabu kimoja kisomwe na msomaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana msikilizaji huizoea sauti kama anavyomzoea mtu. Wasomaji wachaguliwe kwa utulivu wao kabla ya lafudhi zao. Wahusika wa kigeni, wawe wa nyota nyingine au wa nchi jirani, wasifanyiwe mzaha wa lafudhi. Na mwalimu mwenye kalamu nyekundu akae nje ya chumba wakati wa kurekodi, akiwamo aliyeandika makala haya.

Wanafunzi wanaotaka kujaribiwa waje ofisini na ukurasa mmoja wanaoupenda. Sehemu za Walenisi hazitashindaniwa, kwa kuwa zina msomaji tayari. Tumemwomba amalizie alipoachia, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asome Kyarumba, mzee yule akiwapo.